TAMKO LA TAWI, SABASABA 2022: PICHA YA TANZANIA INAYOPELEKWA NJE NA SISI TULIOBAKI KIBAHA



Mwaka huu siku yetu imeongezewa jina. Kwa mara ya kwanza dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili, kama UNESCO ilivyoamua Novemba mwaka jana, na tarehe imechukuliwa hapahapa nyumbani: 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa. SADC ilikipokea Kiswahili mwaka 2019, na Februari mwaka huu Umoja wa Afrika nao umekikubali kuwa lugha yake ya kazi. Kwa hilo tawi linawapongeza wote waliohangaika, wa chama chochote.

Tunaomba radhi kwa urefu wa ujumbe huu. Haya tungependa kuyasema Mailimoja, kwa spika, mtu akipita asikilize na asiyetaka aende zake. Mnajua kwa nini hatuwezi. Tutalifikia.

Tangu Mei tunapokea maswali kuhusu filamu ya Royal Tour. Wapo wanaotaka tawi liseme ni upuuzi mtupu. Wapo wanaotuonya kwamba tukikosoa tutaonekana hatuipendi nchi. Mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alituma sauti fupi tu: "Wanangu, hiyo picha inatuhusu nini sisi wauza vitumbua?" Kamati imekaa, imebishana mpaka usiku, na msimamo wetu ni huu. Serikali kuitangaza nchi nje si kosa, ni kazi yake. Lakini picha inayopelekwa nje ni ahadi inayotolewa kwa jina letu, na sisi wa Kibaha tuna haki ya pekee ya kuikagua, kwa sababu kwa miaka sitini serikali za wenzetu zimekuwa zikija kujijengea jina katika ardhi yetu. Tunajua lipi hudumu na lipi hufifia.

Anzeni na Tumbi. Mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa kabisa, serikali za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikubaliana na serikali ya Tanganyika kuanzisha hapa mradi wa pamoja, Nordic Tanganyika Project. Mwalimu alikuwa ameshawataja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na mradi ukamkabili kila mmoja: shule ya sekondari, chuo cha kuwafunza wakulima, kituo cha afya. Mwaka 1970 wakakabidhi vyote kwa serikali yetu, ndipo likawa Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Kituo cha afya kikakua, leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kila basi likipinduka barabara ya Morogoro majeruhi hukimbizwa pale. Shule nayo imesomesha vijana kutoka kila kona ya nchi. Mmoja wao alikuja kuwa Rais wa Awamu ya Nne.

Je, wale walikuja bila lao moyoni? Hapana, na tusiwe watoto katika mambo haya. Zilikuwa nchi ndogo katikati ya vita baridi. Hazikuwahi kututawala, na zilitaka nchi mpya za Afrika zizijue kama marafiki. Umoja wa Mataifa ulikuwa unajaa wanachama wapya na kila kura ilikuwa na uzito wake. Ile ilikuwa diplomasia, haikuwa sadaka. Ila walichagua kujitangaza kwa kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukitumia, kisha wakakiacha mikononi mwetu. Mgonjwa wa Tumbi hakuulizwa ametoka wapi wala anamuunga mkono nani.

Agosti mwaka jana Denmark ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake hatua kwa hatua na kufunga ubalozi wake Dar es Salaam ifikapo 2024. Nchi ina haki ya kubadili sera zake. Hata bendera ikiteremshwa pale Dar es Salaam, huku Tumbi foleni ya wagonjwa itakuwa palepale, na jina lao litaendelea kutajwa kwa wema.

Wacuba nao wako nasi, kwa namna nyingine. Kiwanda cha viuadudu kilichopo Kibaha, cha kuua viluwiluwi wa mbu, ni mali ya serikali yetu kupitia NDC, lakini utaalamu ni wa Cuba. Nchi isiyo na fedha za kumwaga imejitangaza kwa madaktari na maarifa. Tatizo la kiwanda kile halikutoka Havana. Mwaka 2017 ilibidi Rais Magufuli aje mwenyewe ndipo halmashauri ziagizwe kununua dawa iliyokuwa inatengenezwa mlangoni kwao. Hapo picha ya rafiki ilikuwa safi, yetu ndiyo ilikuwa na vumbi.

Sasa China, na hapa tunaomba utulivu maana ndipo kamati ilipogawanyika.

Ndugu zetu wa Kisarawe, hasa wa Mzenga, wanaishi na kazi ya Wachina tangu miaka ya 70. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo usio na riba wakati nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa, zikisema njia hiyo haina faida. China yenyewe ilikuwa maskini wakati huo. Wataalamu wao waliofia kazini wamezikwa huku Tanzania, na makaburi yao yanatunzwa mpaka leo upande wa Gongo la Mboto. Wageni wakija kutoka Beijing hupelekwa pale kuweka mashada. Nasi tulilipa kwa tulichokuwa nacho. Oktoba 1971, China ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa, balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa miongoni mwa waliokipigania kwa nguvu, na Marekani haikumsahau: mwaka 1981 ilimzuia asiwe Katibu Mkuu.

Hiyo ndiyo China ya reli. Abiria wa Mzenga hupanda kwa nauli yake, awe mkulima wa mihogo au mwanafunzi.

Halafu ipo China ya Kwa Mfipa. Julai 2018 liliwekwa jiwe la msingi, na tarehe 23 Februari mwaka huu Rais Samia akaifungua Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere. Ni majengo mazuri, hatuoni aibu kukiri. Yamejengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya vyama sita vilivyopigania ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Mwezi uliopita Rais Xi Jinping mwenyewe aliwajibu kwa barua makada vijana waliokuwa wakisoma pale. Fikirieni kidogo: mkuu wa taifa mojawapo kubwa kabisa duniani kwa idadi ya watu amekaa akaandika barua kuhusu darasa lililopo Kibaha. Ndivyo serikali makini inavyojenga jina lake, kwa subira. Haiwatafuti viongozi wa leo tu, inawatafuta na wale watakaokuja miaka ishirini ijayo.

Baadhi yetu kwenye kamati walisema ni wivu tu kulizungumzia jambo hili, kwa kuwa hatukualikwa. Inawezekana wivu upo, sisi ni binadamu. Lakini ondoeni wivu, swali linabaki. Reli ilitolewa kwa nchi, shule imetolewa kwa chama. Vyama vyote sita ndivyo vinavyoshika dola katika nchi zao, kwa hiyo anayevizoea amezoeana na serikali sita kwa mkupuo mmoja. Kijana wa Kwa Mfipa asiye na kadi ya CCM atayajua majengo yale kwa nje, akipita na bodaboda. Na jina lililo mlangoni ni la Mwalimu, ambaye hata sisi tunamdai kuwa wetu. Hatudai shule ifungwe. Tunasema tu kwamba zawadi ya chama kwa chama haiwezi kuhesabiwa kuwa urafiki wa wananchi kwa wananchi, hata hotuba ziseme hivyo mara mia.

Wakubwa wengine walitujia kwa masikio. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Radio Peking mwaka 1961, Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Baba zetu walikaa barazani na redio ya mkulima wakisikia London na Peking zikigombea masikio yao kwa Kiswahili sanifu kabisa. Lugha tunayoisherehekea leo wenzetu waliijua thamani yake zamani.

Na sisi je? Tanzania ilijitangaza kwa nini wakati haikuwa hata na televisheni huku Bara?

Ilijitangaza kwa maamuzi, tena yenye gharama. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi maskini ilikubali kukosa fedha hizo ili neno lake libaki neno. Tuliwapa wapigania uhuru kambi Kongwa, tukawapa ANC Mazimbu, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawapa nafasi ya kusema na watu wao walioko kifungoni. Hakuna aliyetengeneza filamu. Lakini Mtanzania aliyeshuka Maputo, Luanda au Harare na pasipoti yake alipokelewa kama ndugu, na wapo wazee Kibaha wanaoweza kulishuhudia hilo. Tusidanganyane kwamba nyumbani kila kitu kilikuwa sawa: chama kilikuwa kimoja, na watu waliwekwa ndani bila kesi. Hilo nalo lilijulikana nje, likapunguza sifa. Wala msidhani ulimwengu wa siku zile haukuwa na macho.

Sera ya Mambo ya Nje ya 2001 ikageuza mwelekeo kuwa diplomasia ya uchumi. Kazi ya balozi ikawa kutafuta masoko, wawekezaji na watalii. Ni sawa, mtu hali ukombozi. Korona ilipokuja tuliona hasara yake: mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi laki sita na ushee. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wapagazi, madereva, wapishi, na vijana wa Kibaha waliorudi kutoka Zanzibar na Arusha na mabegi yao. Kwa hiyo Rais alipoanza kurekodi filamu Agosti 2021 akiwa na mtangazaji wa Marekani, Peter Greenberg, hoja ilikuwepo. Greenberg hakuanza na sisi. Aliwahi kuzungushwa na Mfalme Abdullah wa Jordan, Calderón wa Mexico, Netanyahu wa Israel, na Kagame wa Rwanda mwaka 2018. Mtindo ni uleule, mkuu wa nchi ndiye anayemtembeza mgeni.

Kamati iliitazama filamu nzima kwenye simu ya katibu, vichwa saba kwenye kioo kimoja. Bagamoyo ilipotokea tulishangilia kama goli, ni Pwani yetu ile. Milima, simba, tanzanite, bahari, vyote ni vya kweli. Rais alijieleza vizuri. Kilichotupungukia ni watu. Mtanzania wa kawaida anapita nyuma, anatabasamu, anacheza ngoma, anapotea. Yule mama wa vitumbua asingejiona mle. Nchi imeonyeshwa kama shamba zuri lenye mwenyeji mmoja.

Filamu ilizinduliwa New York tarehe 18 Aprili, kisha Los Angeles. Siku chache kabla, tarehe 15, Rais alikutana na Makamu wa Rais wa Marekani, Kamala Harris, mjini Washington. Na hapa tunasema bila kinyongo: lililompa Rais wetu uso wa kukaa katika ofisi ile halikuwa filamu, maana ilikuwa bado haijaoneshwa. Mwezi mmoja kabla, tarehe 4 Machi, kesi ya ugaidi dhidi ya Mwenyekiti wa CHADEMA Freeman Mbowe ilifutwa, akatoka gerezani, na jioni ileile akapokelewa Ikulu. Picha ya watu wale wawili wamekaa kwenye viti ilizunguka dunia bila kulipiwa hata senti. Tendo moja la nyumbani liliifanyia nchi matangazo ambayo balozi zote zisingeyaweza.

Na kinyume chake tumekiona mwezi uliopita. Tarehe 10 Juni, kule Loliondo, katika zoezi la kuweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500, askari polisi aliuawa, na picha za wananchi wa Kimaasai wenye majeraha zikasambaa. Marehemu ni mtoto wa Mtanzania, majeruhi ni Watanzania. Katika wiki ile mtu wa Berlin au Toronto aliyeandika "Serengeti" kwenye simu yake aliletewa picha za aina mbili kwa pamoja, zile za Royal Tour na zile za Loliondo. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitoa tamko tarehe 15 Juni. Jibu la serikali likawa kwamba nchi inachafuliwa. Ndugu zetu, aliyejeruhiwa akionesha jeraha hajamchafua mtu. Mazungumzo ya kweli na wenyeji wa Loliondo yangeokoa maisha kwanza, na sifa ya nchi ingefuata yenyewe.

Ndiyo maana tunarudi Mailimoja.

Katiba yetu, Ibara ya 20, inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake. Sheria ya vyama inatutaka tutoe taarifa polisi saa 48 kabla, basi. Hata hivyo tangu 2016 mikutano ya hadhara imezuiwa kwa kauli, na hadi leo, 7 Julai 2022, kauli hiyo haijafutwa. Kikosi Kazi cha Profesa Mukandala kinaendelea na kazi yake, nasi hatukipuuzi, lakini haki iliyomo kwenye Katiba haikuhitaji kusubiri kikosi. Wakati huohuo balozi zetu zinagawa vipeperushi vya nchi ya amani, na amani ipo kweli. Sasa mgeni akimuuliza balozi wetu kwa nini tawi la chama kilichosajiliwa linafanya mkutano wake kwa WhatsApp, amjibu nini? Tunamhurumia balozi huyo, hajapewa jibu la kutoa.

Hatuombi mengi. *Kauli ya kuzuia mikutano ya hadhara ifutwe kabla mwaka huu haujaisha, na ifutwe hadharani.* Halmashauri zetu zinapopokea miradi ya marafiki wa nje, wananchi waelezwe ni zawadi kwa nani, ya nani, na mlango uko wazi kwa nani. Na filamu ijayo, kama ipo, ipite Tumbi, imwoneshe mgeni hospitali iliyojengwa na marafiki na kuendeshwa na wauguzi wetu kwa miaka 52 sasa.

Taarifa kwa wanachama: barua ya tawi ya kutoa taarifa ya mkutano wa hadhara Mailimoja imeandikwa na itapelekwa Jumatatu asubuhi na mwenyekiti na katibu. Nakala tatu, moja igongwe muhuri. Tumeshapeleka barua kama hiyo mara mbili, na mara zote mbili tuliambiwa tusubiri. Wanaotaka kuwasindikiza wavae nguo za kawaida, wasiwe zaidi ya watano, wasipige kelele getini. Jibu lolote litakalotoka, la kukubali au kukataa, tutalipiga picha na kuliweka hapahapa siku hiyohiyo.

Maoni tumeni kwa maandishi. Wa sauti wasizidi dakika mbili, bando ni ghali.

Imetolewa na Kamati ya Tawi,
Kibaha, 7 Julai 2022